Krimu Ikinyamaza

Juzi mjukuu wangu Ndinda alitaka kumwaga bakuli zima la krimu kwenye sinki. Ndinda anaoka keki hapa Kayole, kwenye nyumba ya kupanga ambayo jikoni mwake watu wawili hawapishani, na siku hiyo alikuwa na oda ya kupeleka Donholm. Alikuwa ameiacha mashine yake ya umeme ikizunguka huku akijibu simu ya mteja. Aliporudi alikuta vidonge vya manjano vikiogelea ndani ya maji meupe.

"Aki Susu, hii imekufa," akasema. "Wacha niimwage nianze ingine."

"Ukiimwaga, leo utalala nje," nikamjibu.

Alicheka, lakini aliliweka lile bakuli mezani. Akaniuliza mambo ya krimu niliyajulia wapi, mimi ninayekunywa strungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi na jioni. Nikaona ni heri niwaandikie nyote, wewe Ndinda na wenzako wa kanisani mnaotaka kuishi kwa kuoka, kwa sababu mnanunua krimu kwenye pakiti iliyoandikwa kila kitu ubavuni na bado mnaimwaga.

Kazi hii niliifanya Majengo, kule Pumwani, miaka ya sabini na themanini, jikoni mwa Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mjane mwembamba, mwenye ulimi mkali na kanga ambazo hazikuwahi kuonekana na doa, ingawa alishinda kwenye unga na makaa. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa jiko. Hatukuwa na oveni. Tulioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na keki zilizotoka pale zilikwenda harusi za Kaloleni, Bahati, Eastleigh na Shauri Moyo. Mimi nilikaa Shauri Moyo na mume wangu, dereva wa lori. Nilikuwa nimetoka Kitui juzijuzi, mtoto mgongoni, nikatumwa kwake na jirani aliyesikia anatafuta mtu wa kumsaidia.

"Shikamoo, Bi Rukia," nikasema mlangoni.

"Marahaba. Una mikono, au una maneno?"

Nikamwonyesha mikono. Akaitazama mbele na nyuma, akaniambia nivue viatu niingie.

Kabla ya kuniruhusu nishike kitu alinikalisha mbele ya sufuria pana ya maziwa. Yalikuwa yamechemka kwa moto mdogo, yakaachwa yapoe yenyewe, na juu yalikuwa na utando mnene. Aliutoa kwa mwiko ukakunjika. "Hii ni malai," akasema. "Imeshaonja moto. Ukiipiga mpaka Kiyama haitainuka. Malai ni ya kula na mkate, au ya kutia kwenye mchuzi wa kuku ukitaka uwe mzito. Nisikuone unaipiga."

Krimu yenyewe, ile mbichi, ilitoka duka moja la maziwa upande wa Pangani. Mwenye duka alikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono, inatenga maziwa huku na krimu kule. Ilikuja ya aina mbili. Nyepesi ilimiminika karibu sawa na maziwa, na hiyo ilikuwa ya kumwagia matunda au ya kulainisha supu. Nzito ilishuka kwenye kijiko polepole, ikasita. Tofauti yao ni mafuta tu. Krimu huinuka kwa sababu mafuta yake hushika hewa, na penye mafuta kidogo hewa haina pa kushikwa. Nimewaona baadhi yenu mkiipiga ile nyepesi mpaka mkono unakufa ganzi, halafu mnasema pakiti ilikuwa mbovu. Pakiti haina kosa.

Basi siku hiyo ya kwanza Bi Rukia alinipa krimu nzito kwenye bakuli la bati, bakuli limekaa ndani ya karai la maji baridi, na waya wa kupigia mayai. Ilikuwa ya keki ya harusi. "Piga mpaka iwe tayari," akaniambia, akajitanda kanga akaenda kumpa pole jirani aliyefiwa.

Hakuniambia tayari ni lini. Nami sikuuliza, maana kwetu hilo lilijulikana. Nyanya yangu alikuwa akinikalisha chini na kibuyu cha maziwa mapajani, nakisuka huku na huku na kusikiliza. Mwanzoni maziwa yanachapachapa. Baadaye yanakuwa mazito, kibuyu kinanyamaza, unadhani hakina kitu ndani. Ukizidi kusuka, ghafla maji yanarudi na kuna kitu kinagonga ndani yake. Hicho kinachogonga ni siagi. Mtoto aliyeacha pale kwenye kimya aliitwa mvivu, na mimi sikutaka kuitwa mvivu siku ya kwanza kazini.

Nikapiga. Krimu ikachapachapa, ikawa nzito, ikanyamaza kabisa. Nikajiambia hapa ndipo wavivu huacha, nikakaza mkono. Ikaanza kukwaruza. Nikazidi kukaza. Maji yakaruka yakanilowesha kifua, na ndani ya bakuli kukawa na bonge safi la manjano. Nilifurahi sana. Nililipanga lile bonge kwenye sahani nikamngoja mwenye nyumba.

"Krimu yangu iko wapi?" akauliza aliporudi.

"Hii hapa, Bi Rukia. Imetoa siagi nzuri."

Alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. "Siagi nani kakuomba? Ewe mwana wa Kikamba, nimekupa krimu ya harusi, wewe umenisukia kibuyu!"

Nilijua nimemwaga unga. Nikaanza kumfunga mtoto mgongoni. Bi Rukia akaangua kicheko, akaniambia niache upuuzi, nilete maji baridi. Tuliiosha ile siagi kwa mkono, tukibadilisha maji mpaka yakatoka maangavu, maana tone la maziwa likibaki ndani siagi huchacha upesi. Kisha tukaipiga na sukari ya unga ikawa krimu ya siagi, tukapambia keki. Ile harusi ilikuwa ya uwanjani, jua limewaka, na hotuba za wazee hazikuwa na mwisho. Krimu ya kupigwa ingekuwa imeteremka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Ya siagi ilisimama. Tangu siku hiyo harusi zote za nje tulipamba kwa krimu ya siagi, na Bi Rukia hakukubali hata mara moja kwamba alijifunza hilo kwangu.

Siagi kidogo iliyobaki aliichemsha na iliki mpaka ikawa samli, akaichuja, akanipa nipeleke nyumbani. Mume wangu aliila na ugali akaniuliza nitakosea tena lini.

Kesho yake Bi Rukia alinifundisha upya. Alinifunga macho kwa ncha ya kanga yake akanipa waya. "Wewe una sikio, nyanya yako kakupa," akasema. "Ila umefundishwa kusimama mahali pengine. Kwangu mimi, ikinyamaza, simama hapo hapo." Nikapiga gizani. Ilipoacha kuchapa na waya ukawa unapita bila sauti, nikasimama. Alinifungua macho. Krimu ilikuwa laini, ncha zake zimesimama na kuinama kidogo. Ndiyo hiyo mnayoitafuta na mashine zenu. Zimeni mashine kabla haijanyamaza, mmalizie kwa mkono, kwa sababu mashine ina kelele na hamtasikia kitu.

Jambo jingine: krimu hunusa. Wakati mmoja, kabla hatujajua kununua barafu, muuza nyama mmoja wa Soko la Burma alituruhusu tuweke krimu kwenye friji yake. Ilitoka baridi vizuri sana. Tukajazia keki ya mkutano wa akina mama wa kanisa, nami nikaenda kuipeleka. Mama wa kwanza alitafuna, akatulia, akaniuliza kwa upole kama humo ndani kuna maini. Hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Krimu iwekwe mbali na nyama, vitunguu na samaki, na ifunikwe. Muuza nyama tukabaki naye kwa barafu tu, tunaivunjavunja kwenye karai na kutia chumvi ya mawe, na bakuli linaganda kingo.

Ya kuchacha nayo ina mahali pake. Krimu iliyoharibika na iliyochachishwa si kitu kimoja. Tulikuwa tukichanganya krimu na kijiko cha maziwa lala mazuri, tunaifunika na kuiacha karibu na jiko mpaka iwe nzito na kali kidogo. Keki ikitiwa hiyo pamoja na baking soda inakuwa laini, na haikauki upesi. Kwenye mchuzi wenye nyanya, tumieni ile nzito. Nyepesi ikikutana na nyanya inakatika vipande, na wageni watadhani mmewapikia mayai. Ya mkebe ni nzuri kwa matunda, lakini imeshapikwa kiwandani kama malai, usiisumbue na waya. Na hiyo yenu ya siku hizi inayosimama juani mchana kutwa, sitaisema vibaya, mnajua wateja wenu. Ila haijawahi kumjua ng'ombe.

Sasa niwaambie kilichompata Bi Rukia.

Macho yake yalianza kufifia taratibu. Nilijua siku aliponiuliza, "Wanza, hii imekuwa rangi gani?" kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kumuuliza mtu rangi ya keki. Hospitalini wakasema ni ugonjwa wa presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Alirudi nyumbani, akafunga aproni, akaendelea na kazi. Alijua krimu kwa sikio, mayai kwa pua. Keki aliijua kwa kuinama juu ya sufuria. "Bado inaongea," angesema, na kweli ukisikiliza keki isiyoiva ina mlio mdogo ndani. Moto aliupima kwa kuweka kiganja juu ya makaa. Mimi nilimwona mtu asiyeshindwa na kitu, na niliona fahari kufanya kazi naye.

Mwanawe wa pekee, Athmani, alikuwa karani huko Mombasa. Alikuja likizo, akakuta pindo la kanga ya mamake limeungua. Hakupiga kelele. Alilikunja lile pindo na kulikunjua mara kadhaa, kisha akasema, "Mama, safari hii tunarudi pamoja."

"Niende nikafanye nini? Nikalishwe?"

"Ukapumzike."

"Mimi hapa ndipo nilipo, Athmani. Ukinitoa jikoni humu, umechukua kiti kitupu."

Aliyasema hayo akitabasamu, lakini mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu cha kushika juu ya meza. Niliogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona akiomba.

Wakakubaliana hivi: kulikuwa na oda ya harusi ya Kaloleni. Bi Rukia angeifanya peke yake mwanawe akitazama, nami nisifungue mdomo. Akikosea, mizigo ifungwe. Asipokosea, lisizungumzwe tena.

Athmani alikaa mlangoni. Mimi nilisimama pembeni nimeikumbatia mikono yangu ili isije ikamsaidia. Bi Rukia alinusa kila yai kabla ya kuliachia. Alikoroga, akaweka sufuria motoni, akapanga makaa juu ya kifuniko kwa koleo, akapima joto kwa kiganja, akaongeza, akapima tena. Keki ilipoacha kuongea aliitoa. Ilipopoa akapiga krimu ya kujazia katikati, kichwa amekiinamisha upande, na ilipokaribia kunyamaza na mimi nilikuwa nimezuia pumzi. Akasimama hapo hapo.

Athmani alikata kipande cha pembeni akala. "Tamu, Mama," akasema. "Hukukosea popote."

Nilitaka kupiga vigelegele. Bi Rukia alikuwa ameshaanza kucheka.

Athmani akainuka, akauchukua mkono wa mamake wa kulia, akaugeuza. Kiganja kilikuwa na malengelenge, mapya juu ya makovu ya zamani. Mimi niliyekuwa naye kila siku sikuwahi kukigeuza kile kiganja.

"Krimu ina sauti," akamwambia. "Keki ina sauti. Makaa hayana sauti, Mama."

Bi Rukia aliuvuta mkono wake akauficha kwenye kanga. Nikasema nitakuja alfajiri na kukaa mpaka magharibi, makaa nitayashika mimi. Athmani akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Na usiku, dada Wanza? Na akienda bombani peke yake?" Nilikuwa na watoto watatu na chumba kimoja Shauri Moyo. Nilijua anasema kweli, na nilimchukia kwa kuwa anasema kweli.

Bi Rukia akasema, "Basi," na akaniuliza kama watu wa Kaloleni wameleta sinia la kubebea keki yao.

Asubuhi ya safari nilifika mapema. Mizigo ilikuwa mlangoni. Bi Rukia alikuwa amevaa buibui, amekaa kwenye kigoda chake. Aliniambia jiko lote ananiachia, sufuria, karai na wateja, na nisithubutu kulia juu ya unga wake. Yule mtu wa Pangani alikuwa ameleta krimu nzito kama kawaida, hakuna aliyekumbuka kumwambia asilete.

"Ipige," Bi Rukia akasema.

"Ya nini? Leo hatuna oda."

"Ipige nisikie."

Niliweka bakuli kwenye karai la barafu nikaanza. Nilipiga polepole, nikitaka ichelewe. Ikachapachapa, ikawa nzito, waya ukaanza kupita bila sauti. Ikanyamaza. Nikasimama.

"Nani kakwambia usimame?"

"Imenyamaza, Bi Rukia."

"Najua imenyamaza, sijawa kiziwi. Endelea."

Nilimtazama nikidhani amechanganyikiwa kwa ajili ya safari. Alikuwa ameutega uso wake upande wangu, ametulia.

"Krimu haifiki hata Mtito, sembuse Mombasa," akasema. "Nisukie kibuyu chako, mwanangu. Nataka kitu cha kufika nacho."

Nikapiga. Ikakwaruza, maji yakaruka, siagi ikagonga bakuli, na Bi Rukia akacheka kwa sauti kama siku ile alipokwisha kunigombeza. Tukaiosha pamoja, mikono minne kwenye karai moja. Tukaichemsha na iliki mpaka povu likashuka, tukaichuja kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Athmani alitaka kuuweka kwenye sanduku. Bi Rukia alikataa, akaondoka ameupakata. Nililia juu ya unga wake, pale pale aliponikataza.

Siagi ya Ndinda sasa imeoshwa, iko kwenye friji, na kesho itapamba keki ya mtu mwingine. Naye amenunua krimu nyingine akaipiga kwa mkono, mlango umefungwa na redio imezimwa. Alisikia. Alitoka jikoni akakimbia kuniambia.

Lakini nilikuwa nawaambia juu ya ule mkebe. Muda mrefu ulipita bila neno. Siku moja asubuhi Athmani alisimama mlangoni pa lile jiko, amekuja Nairobi kwa shughuli za kazi. Nikamuuliza hali ya mamake. Mzima, akasema, anagombana na kila mtu pale nyumbani, hasa yeye. Kisha akatoa mkebe kwenye mfuko wake akauweka mezani. Ulikuwa mtupu, umeoshwa na kukaushwa, na ndani kulikuwa na iliki mbichi zilizofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Alisema niuweke tu mezani, nikae, nisikilize, halafu nikirudi nimweleze nilichosikia."

Nikamvutia kigoda cha mamake akakaa. Nikamimina krimu nzito kwenye bakuli la bati, nikashika waya. Ikachapachapa, ikawa nzito, ikanyamaza.

Sikusimama.